Jinsi ya Kuanza Methadoni na Kudumu Nayo

Anayetaka kuacha heroini kwa msaada wa methadoni au buprenofini jijini Kampala huelekezwa Butabika, hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili, ambako kliniki ya tiba hii imekuwapo tangu mwaka 2020. Jina hilo huwatia watu wengi hofu, kwa sababu tangu utotoni tumelisikia likitajwa kama tusi. Naomba hofu hiyo isimzuie mtu, kwani mgonjwa wa methadoni kwa kawaida haishi wodini: huja asubuhi, hunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha huenda kutafuta riziki kama watu wengine.

Kabla ya kwenda, inafaa kuelewa dawa hizi zinafanya nini. Heroini hukaa mwilini kwa saa chache tu, na ikiisha nguvu arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa na kuikosa, humrudia mtumiaji kwa kamasi, miayo, kuharisha na maumivu ya mifupa, hata siku nzima ikamwishia katika kutafuta unga, yaani heroini, wa kuituliza. Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo, lakini huingia taratibu na kudumu zaidi ya siku moja, hivyo aliyefikia dozi inayomtosha hunywa mara moja tu na kufika kesho bila arosto na bila kulewa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza methadoni na buprenofini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Siku ya kwanza, sema kweli yote. Eleza unatumia kiasi gani, kama unavuta au unajidunga, ulitumia lini mara ya mwisho, kama unakunywa waragi au kumeza Valium (vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi), na dawa nyingine zote ulizoandikiwa. Hili la mwisho watu hulificha kwa aibu, nalo ndilo linalowaumiza. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, na efavirenzi, mojawapo ya dawa za virusi vya UKIMWI, hulifanya ini liondoe methadoni haraka, kiasi kwamba mtu aliyekunywa asubuhi hushikwa na arosto jioni na kudhani kliniki imempunja. Daktari akijua, ataipandisha dozi. Dolutegraviri kwa kawaida haileti tatizo hilo. Utapimwa pia mkojo, virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, na vipimo hivyo ni vya kukulinda wewe.

Ukipangiwa buprenofini, lazima ufike ukiwa tayari umeanza kusikia arosto, kwa kawaida baada ya kukaa angalau saa 12 bila heroini. Ukiinywa mapema, itaifukuza heroini iliyomo ubongoni kabla ya wakati wake na kukuletea arosto kali papo hapo. Kidonge huwekwa chini ya ulimi na kuachwa kiyeyuke chenyewe; ukikimeza, sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea.

Wiki mbili za kwanza za methadoni ndizo za kuangaliwa kuliko zote. Daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, kwa sababu dawa ya jana bado imo mwilini wakati ya leo inaingia, na mrundikano huo huchukua siku kadhaa kutulia. Katika siku hizo mgonjwa husikia arosto usiku, akaona dawa haimfai, akaongeza unga kidogo, au pombe, au Valium. Hapo ndipo pumzi hukatika usingizini. Nawasihi wagonjwa wavumilie na kurudi asubuhi kumweleza muuguzi, maana dozi hupandishwa hatua kwa hatua, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Nyumbani, mtu akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikageuka rangi na asiamke hata akitikiswa, mlazeni kwa ubavu, mpeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni, kama ipo, na mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka mpelekeni, kwa sababu naloksoni huisha nguvu mapema kuliko methadoni.

Dirishani mambo ni mepesi. Muuguzi hupima dawa ya maji katika kikombe kidogo, mgonjwa huinywa yote, kisha huongezewa maji anywe na kusema neno moja mbili, ili ionekane kwamba amemeza. Kazi ngumu ni kufika hapo kila siku. Aishiye Kisenyi au Katwe hulazimika kutafuta nauli ya taksi au boda boda kila asubuhi, na nimeona tiba ikivunjika kwa kukosa nauli kuliko kwa kukosa nia. Kwa hiyo jamaa anayeuliza asaidie vipi, atoe nauli ya wiki nzima, au amsindikize mgonjwa siku zile za mwanzo. Aliyekosa dawa siku 3 au zaidi asidai dozi yake ya zamani, kwani mwili umeanza kuisahau na inaweza kumuua. Kliniki itampima upya na kumwanzisha chini.

Swali la “utaacha lini hiyo dawa?” familia zingelipumzisha. Wengi huhitaji miaka, na anayeacha ghafla ili kuwaridhisha ndugu yumo hatarini, kwa sababu akirudia heroini kwa kipimo chake cha zamani mwili hauwezi tena kukihimili. Wakati ukifika, dozi hupunguzwa polepole kwa makubaliano na daktari. Mama mjamzito naye asiache dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto; methadoni huendelea wakati wa ujauzito, na mtoto akizaliwa na dalili za arosto hutibiwa.

Safari nazo zina utaratibu wake. Msiba ukitokea Masaka au Mbale, pita kwanza kliniki kabla ya kupanda basi na uwaeleze unakwenda wapi na utarudi siku gani, wakupangie namna ya kupata dawa ukiwa huko.