Kutafuta Fedha za Asasi ya Haki za Watu Wenye Ulemavu Bila Kuuza Huruma

Kabla ya kuandika andiko lolote, kaeni na bodi mkubaliane kwamba fedha inaombwa kwa ajili ya haki. Picha ya mtoto anayetambaa vumbini italeta michango wiki hii. Mwezi ujao mtaingia halmashauri kudai njia ya mteremko kwenye zahanati, na afisa aliyeiona picha ile atawapa pole badala ya majibu. Andikeni kanuni ya picha, ukurasa mmoja unatosha: mhusika (au mzazi, kama ni mtoto) aridhie kwa maandishi, ajue picha itatumika wapi, na aweze kuiondoa baadaye. Kwa mtu mwenye ualbino, usitaje kijiji wala shule anayosoma. Hapa kwetu Tanzania hilo ni suala la uhai.

Halafu makaratasi. Weka kwenye folda moja cheti cha usajili, katiba, TIN (namba ya mlipakodi), orodha ya bodi, ripoti ya mwaka na ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Maombi mengi hukwama hapa, si kwenye wazo la mradi. Orodha ya bodi ioneshe nani ana ulemavu, kwa ridhaa yao, kwa sababu wafadhili wa haki hutofautisha asasi ya watu wenye ulemavu na asasi inayowahudumia. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu iliufafanua mpaka huo mwaka 2018 kwenye Maoni ya Jumla Na. 7: asasi yao huongozwa na wao wenyewe, na wengi wa wanachama ni wao. Kama bodi yenu haiko hivyo, anzeni kuibadilisha sasa, maana mfadhili atauliza.

Bajeti ndiyo inayoumiza asasi nyingi, na kosa huanzia kwenye kuhesabu vichwa. Chukua warsha ya siku mbili yenye washiriki 30: viziwi 4, wasioona 5, watumiaji wa viti mwendo 3 wanaohitaji wasaidizi. Wakalimani wa lugha ya alama wawe 2, kwa sababu mmoja hawezi kutafsiri siku nzima. Hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Ongeza waongozaji 5 wa wasioona na wasaidizi 3 wa watumiaji wa viti mwendo. Sasa mna watu 40 wa kula, kulala na kusafiri, kabla hujamhesabu mwezeshaji. Ukiandika 30, tofauti itatoka kwenye kodi ya ofisi. Kiziwi asiyeona anahitaji mkalimani wake peke yake. Kuhusu nukta nundu (Braille, maandishi ya wasioona), ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoa karibu kurasa tatu, basi usikadirie uchapaji kwa kurasa za kompyuta.

Gharama hizi zote ziingie kwenye mstari wa shughuli. Mfadhili akiweka ukomo wa asilimia fulani kwa utawala, nawe umemweka mkalimani chini ya utawala, umejifunga mwenyewe. Mkalimani ni gharama ya shughuli kama ulivyo ukumbi, na maelezo ya bajeti yaseme hivyo waziwazi.

Mkataba ukisainiwa, kumbuka kwamba tangu kanuni za 2018 ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unatakiwa kuwasilishwa kwa Msajili wa NGOs (mashirika yasiyo ya kiserikali). Hakikisha ofisini kwake utaratibu na muda unaotumika sasa. Panga pia kwa kuchelewa: awamu ya pili hailipwi mpaka ripoti ya kwanza ikubaliwe. Asasi isiyo na akiba ya miezi mitatu hukopa mishahara hapo.

Akiba hiyo hutoka kwenye fedha isiyo na masharti: ada, michango ya watu binafsi, harambee. Kwenye harambee tenganisha ahadi na fedha iliyoingia, kama kamati za harusi zinavyofanya kwenye kundi la WhatsApp, na uwe na mtu mmoja wa kufuatilia ahadi. Lipa namba iandikwe kama maandishi ndani ya ujumbe pamoja na jina litakalotokea wakati wa kulipa. Ikiwa kwenye bango la picha tu, simu ya asiyeona huenda isiweze kuisoma, na hao ndio wanachama wenu.

Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri isiingie kwenye mpango wa mapato ya asasi. Ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, si ruzuku. Wasaidieni wanachama kuiomba, basi.

Kila Novemba, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ikikaribia, kampuni hupiga simu zikitaka kukabidhi viti mwendo mbele ya kamera. Msikatae papo hapo. Kiti kisichopimwa kwa mtumiaji kinaweza kumletea vidonda vya mgandamizo, kwa hiyo omba bei ya kiti ijumuishe vipimo, mto wa kukalia, mafunzo na matengenezo, hata kama idadi ya viti itapungua nusu. Kisha ulizia ofisa rasilimali watu wa kampuni hiyo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nenda na bei ya ukaguzi wa ufikivu wa jengo lao na mafunzo kwa mameneja. Hiyo ni huduma mnayoweza kuitolea ankara kila mwaka.