Kutafsiri filamu ya Kitamil ya wanachuo bila kumwozesha mtu kwa bahati mbaya

Siku ya kwanza niliposhika maiki kutafsiri filamu ya Kitamil, pale kwenye kibanda chetu cha video cha Mwanga, Kigoma, nilimwozesha kijana wa watu. Maandishi ya chini yalisema neno "machaan" ni shemeji, nami nikalipokea hivyo hivyo. Kwa saa mbili na nusu vijana wanne wa chuo cha uhandisi wakawa wanaitana shemeji, na ukumbi ukaanza kuulizana mke mwenyewe yuko wapi. Mzee mmoja wa Ujiji, aliyekuja na wajukuu zake, akaamua kwamba yule mnene kaoa dada za wenzake wote watatu. Filamu ikaisha bila dada kuonekana, nikadaiwa mia tano za watu mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayetaka kazi hii, usianze na spika. Anza na daftari. Itazame filamu mara moja umefunga mdomo, uandike nani anamwita nani kwa jina gani. Mambo ya ngumi na pikipiki yanajieleza yenyewe, lakini mapenzi na urafiki wa Watamil, watu wa kusini mwa India, umejificha kwenye namna wanavyoitana. Ukikosea hapo, filamu nzima imepotea.

Aliyeninyoosha ni fundi mitambo mmoja wa Madurai, mji wa Watamil, aliyekaa Kigoma miezi michache akampenda samaki mgebuka kuliko sisi wenyewe. Aliniambia machaan kweli ni shemeji, au binamu, lakini vijana wakiitana hivyo wanamaanisha rafiki wa kufa na kuzikana. Tangu hapo nasema "mwanangu". Naye Mtamil akitusikia tunaitana mwanangu kijiweni si ataandika kwamba tumezaana?

Jihadhari pia na maneno yanayofanana na yetu. Kijana anapiga kelele "vaa da!" na mwenzake yuko kifua wazi, ukumbi mzima unaamini anaambiwa avae shati. Kumbe vaa ni njoo, na hiyo da ni mkia wa kuitana wanaume waliozoeana, kama sisi tunavyosema "njoo, wewe!" Kwa msichana inakuwa di. Kaakkaa si kaka, ni kunguru, na mwanafunzi "anayekamata kunguru" mbele ya mwalimu ni anayejipendekeza. Kaka mkubwa ni anna, dada mkubwa ni akka. Lakini kubwa kuliko yote ni maama. Msichana wa kijijini anamwita mchumba wake maama kwa sauti ya kudeka, na kina mama wote kibandani wanageuka kunitazama. Maama ni mjomba, kaka wa mama. Kwa kuwa Watamil wengi tangu zamani wameoana mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, jina hilo likahamia kwa mchumba na kwa mume. Ujiji ndoa ya binamu haimshangazi mtu. Ukisema "mtoto wa mjomba wangu we!" kina mama wanatulia.

Anna ndiyo silaha ya msichana. Kijana amekaa miezi sita akinunua vocha na kubeba vitabu, siku anajikaza kusema, binti anamjibu mbele ya wenzake: asante, anna. Usitoe mhadhara. Sema "Asante, kaka yangu," kisha nyamaza sekunde mbili. Wanaume watalia wenyewe.

Kuna kingine maandishi ya chini hayakionyeshi kabisa. Neenga ni wewe ya heshima, nee ni wewe ya waliozoeana. Binti akihama kutoka neenga kwenda nee, tayari amependa, hata kama uso umenuna. Kiswahili hakina njia hiyo, lakini Mha wa hapa Kigoma anayemwamkia mkubwa kwa wingi ataelewa haraka. Mimi mwanzoni namfanya binti aseme "kaka Karthik", halafu siku hiyo namwachia aseme "Karthik" peke yake, taratibu. Majina yenyewe usiyabadilishe kuwa Juma na Hamisi kama zamani. Yakiwa marefu, fupisha kama rafiki zake wanavyofupisha: Venkatasubramanian ni Venkat, basi.

Mambo ya chuo yatafutie maneno ya chuo. Kijana akisema ana "ariasi" kumi na nne hadaiwi kodi. Ni mitihani aliyofeli. Hizo ni sapu. Ila ongeza kwamba kule anaruhusiwa kuzibeba mwaka hadi mwaka, la sivyo mwanachuo aliyekuja likizo atakubishia kwamba kwetu mtu huyo angekuwa ameshadisko, yaani ameshaondolewa chuoni. Wanachuo wakubwa wanapowaonea njuka, yaani wageni wa mwaka wa kwanza, bwenini, muziki unakuwa wa kuchekesha, lakini usicheke nao sana. Tamil Nadu, jimbo la Watamil, liliupiga marufuku mchezo huo kwa sheria mwaka 1997, na si kwa sababu ulikuwa utani.

Taali uieleze mapema, kabla haijaonekana. Ni uzi, mara nyingi wa manjano, wenye kidani cha dhahabu, na bwana harusi akishaufunga shingoni mwa binti, huyo ndiye mke wake. Mtu asiyejua ataona kijana kamvisha mwenzake mkufu, atashangaa baba mtu anavyoanguka. Na wazazi wakikataa, rafiki ndio wanaompakia binti kwenye pikipiki hadi ofisi ya msajili wa ndoa, wakatia sahihi za ushahidi huku wakitetemeka. Hapo ongeza sauti. Nikipima urafiki wa filamu hizi naupima kwa sahihi hiyo; ngumi kila mtu anarusha.

Nyimbo usitafsiri mstari kwa mstari, unaharibu. Mwanzoni sema wanaimba nini kwa maneno kumi, halafu pandisha sauti ya filamu na ushushe ya kwako. Watakapoanza ghafla kucheza kwenye theluji ya Uswisi usijaribu kueleza wamefikaje. Ni ndoto, na watu wanajua.

Katikati skrini itakuandikia "idaivelai", mapumziko. Hapo ndipo siri inapofichuka, mara nyingi kwamba rafiki naye anampenda binti yuleyule. Usidokeze kitu. Wauza kahawa na karanga wafanye kazi yao, jenereta ipumue. (Kibali na hakimiliki vina ofisi zake, pita huko kabla hujanunua maiki.)

Mwishoni mara nyingi kuna stesheni. Mmoja yuko mlangoni mwa behewa, mwingine anakimbia kwenye jukwaa, na yule rafiki aliyenyamaza tangu mapumziko kasimama nyuma na begi. Kigoma ndipo reli ya kati inapoishia, na hakuna kibandani asiyewahi kumsindikiza mtu pale stesheni, akabaki anaitazama taa ya behewa la mwisho. Mimi hapo huzima maiki, nikatoka nje kuongeza mafuta kwenye jenereta.