Acheni kufunga nyenje wasiokauka

Wafugaji wa nyenje wa kuliwa, safari hii sitagusa masanduku, trei za mayai wala ulishaji. Hayo mnayajua, na wengi mnayafanya vizuri. Naandika kwa sababu kuna kosa moja linalorudiwa kila mavuno, nalo ndilo linalokula faida yote: nyenje wanafungwa wakiwa wakavu nje, wabichi ndani. Mtu ametunza kundi lake wiki 6 hadi 8, amevuna, amechemsha, ameanika, kesho yake anafunga mifuko. Mnunuzi akija kufungua anakuta ukungu, unga una mabonge, harufu imebadilika. Mzigo mzima unatupwa.

Na utupwe kweli. Msijaribu kuuokoa kwa kuukaanga. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Kinachowadanganya ni miguu. Miguu na mabawa hukauka mapema, huku tumboni, mahali penye maji na mafuta mengi, bado pana unyevu. Mfugaji anashika kiganjani, anasikia vinakwaruza, anaamua kazi imekwisha. Hapana. Uamuzi huo ni wa mizani, si wa kiganja.

Fanya hesabu hii. Nyenje mpevu aliye hai ni maji kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo kilo 10 za nyenje hai zina kilo 3 tu za kitu kikavu. Umoja wa Ulaya, ulipoidhinisha nyenje wa nyumbani (Acheta domesticus) kuwa chakula mwaka 2022, uliweka kikomo cha unyevu cha asilimia 5 kwa nyenje waliokaushwa. Ili ufikie hapo, kilo zako 10 lazima zishuke hadi karibu kilo 3.16. Ukisimama kwenye kilo 4, una kilo nzima ya maji ndani ya mzigo, yaani robo ya unachokiita kikavu. Wakivunwa wachanga maji huzidi, basi uzito wa mwisho unapaswa kuwa mdogo zaidi ya huo.

Pima kabla ya kuchemsha. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaopima baada ya kuchemsha, nyenje wakiwa wamejaa maji ya sufuria, halafu wanashangaa hesabu haikubali. Mwishoni pima trei ileile mara mbili, saa 1 kati ya kipimo na kipimo. Ikipungua zaidi ya gramu 5 kwa kila kilo, irudishe kwenye kikaushio. Na tafadhali, kile kipimo cha chumvi mnachotumia kwa mahindi, cha kutikisa punje na chumvi ndani ya chupa kavu, kisiletwe hapa. Chumvi huganda kwenye kioo unyevu ukizidi karibu asilimia 15. Nyenje walioishia kilo 3.5 katika hesabu ya juu wana unyevu wa asilimia 14. Chumvi itakuambia wako salama, na hawako salama hata kidogo.

Sasa muda. Wanyime chakula saa 24 kabla ya kuvuna ili matumbo yasafike, maji waendelee kupata. Waliojifia wenyewe bandani waondoe. Hao si chakula. Maji ya kuchemshia yawe mengi, walau lita 4 kwa kilo 1. Dakika 5 za kuchemsha zinahesabiwa tangu maji yarudi kutokota, si tangu umwage nyenje sufuriani. Ukimwaga nyenje wengi kwenye maji machache, dakika 5 zote zinaishia maji yakiwa bado yanahangaika kupata joto.

Wapo wanaoruka hatua hii, eti kukausha au kuchoma kunatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kuchemsha nyenje dakika 5 kuliua bakteria wa matumboni, lakini kuchoma dakika 10 peke yake hakukuwamaliza. Utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili ambalo wengi hamlijui: bakteria wanaotengeneza mbegu ngumu (spora) hustahimili kuchemshwa. Wakipata unyevu na uvuguvugu wanaamka na kuongezeka. Ndiyo maana nyenje waliochemshwa hawalali kwenye beseni hadi asubuhi. Chuja, tandaza, uanze kukausha ndani ya saa 1. Ukikosa nafasi kwenye kikaushio, usichemshe; wagandishe wakisubiri zamu yao.

Tabaka kwenye trei lisizidi sentimita 2. Geuza kila nusu saa kwa saa 2 za mwanzo, kisha kila saa. Joto liwe nyuzi 60 hadi 70. Kuongeza moto ili umalize haraka kunababua gamba na kuacha tumbo lilelile lenye maji. Wanaotumia jua watumie kikaushio kilichofunikwa, waingize trei kabla ya umande, na wamalizie kwenye oveni, kwa sababu jua peke yake ni nadra kufikisha asilimia 5. Waache wapoe kabisa kabla ya kufunga, maana mvuke wa mzigo wa moto hugeuka maji ndani ya mfuko, lakini wafungwe siku hiyohiyo wasije wakavuta unyevu wa usiku.

Aliyekauka sawasawa hukatika tumboni ukimbonyeza, na unga wake hauna mabonge.

Saga kiasi utakachouza karibuni tu. Unga huharibika mapema kuliko nyenje mzima, kwani mafuta yake yanakutana na hewa kila upande. Uweke mbali na mwanga, kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kwenye lebo andika tarehe ya kukausha, na andika wazi kwamba mwenye mzio wa kamba au kaa asile.