Sukari ikishuka usikimbilie mitishamba, fanya hivi

Swali linalojirudia sana ni mtishamba gani unapandisha sukari haraka ikishuka. Jamani hakuna wa kuutegemea kwa hilo, tena uwatu, karela (lile tunda chungu lenye vinundu), mdalasini na shubiri watu wanavitumia kushusha, kwahiyo ukimpa mtu anayetetemeka maji ya uwatu unaweza kumzamisha zaidi. Dawa ya sukari kushuka ni sukari yenyewe.

Kwanza jua dalili. Mikono inatetemeka, jasho la baridi linamtoka na wala hakuna joto, moyo unaenda mbio, njaa ya ghafla, midomo inakufa ganzi, alafu anaanza kuongea vitu havieleweki au anakuwa mkali bila sababu, anaweza hata kusukuma glasi unayompa ukadhani ana hasira kumbe ubongo umeishiwa sukari. Usigombane nae, mbembeleze anywe. Kama anatumia dawa za presha aina ya propranololi au atenololi, kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza visionekane ukabaki na jasho tu, kwahiyo jasho usilipuuze.

Kipimo kipo? Mchome kidole. Chini ya 3.9 (mashine nyingine inaandika 70) imeshuka, chini ya 3.0 (yaani 54) ni hatari. Kama hakuna kipimo usipoteze muda kukitafuta, tibu.

Mpe kama gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi tamu, au soda ya kawaida (ya dayati haisaidii, haina sukari), au kijiko kikubwa cha asali. Chokoleti ziache, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikipanda ndo umpe chakula chenye wanga ili isishuke tena.

Akizimia au akishindwa kumeza usimwekee kitu chochote mdomoni, hata asali, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, kama kuna sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) na mnajua kuitumia mchomeni, ita gari la wagonjwa.

Sasa kwenye mitishamba, hapa ndo watu wanaumia. Mtu yuko kwenye insulini au vidonge kama glibenklamaidi na gliklazaidi, vinashusha sukari vizuri tu, anasikia karela inasaidia anaanza kunywa kila asubuhi bila kumwambia daktari, vyote viwili vinavuta kwenda chini na chakula anakula kidogo, unategemea nini? Na hivyo vidonge vinakaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kupanda ukafurahi alafu masaa machache baadae ikashuka tena, kwahiyo mtu wa vidonge hivyo akishuka vibaya aende hospitali hata kama ameamka anaongea.

Kingine kinachoniuma ni unga na vidonge visivyo na lebo ya maana vinavyoitwa vya asili. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari imeshuka vibaya, chanzo dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganywa na glibenklamaidi, nyingine zikiuzwa kama mitishamba, na 4 walifariki. Dawa ya asili ikishusha sukari kwa kasi kama kidonge cha hospitali, iache na uipeleke pamoja na pakiti yake kwa daktari au mfamasia.

Kama bado unataka kutumia mtishamba, ongea na daktari kwanza, anza mmoja tu sio mitatu kwa pamoja, usipunguze dawa zako mwenyewe, na andika kwenye daftari umekunywa nini saa ngapi na kipimo kilisoma ngapi. Wiki za mwanzo pima pia kabla ya kulala. Ukiamka shuka limelowa jasho, kichwa kinauma na umeota ndoto mbaya usiku kucha, huenda sukari ilishuka ukiwa usingizini. Usiku unaofuata weka saa ikuamshe kama saa tisa upime, na huo mtishamba usiunywe tena mpaka daktari alione hilo daftari.