Zamu za kumsaidia mfiwa baada ya matanga

Wanajumuiya wa kanisa hujaa kwa wafiwa hadi maziko, matanga yakianuliwa kila mtu anarudi kwake. Hapo ndipo mjane anapokwama: akiba imeisha, ada ya shule inadaiwa. Tengeni sehemu ya rambirambi tangu siku ya kwanza, na katibu aandike zamu za wiki 8, kaya mbili kila wiki. Kaya moja ipeleke unga kilo 5, maharage kilo 2 na mafuta lita 1; nyingine ikae naye, ifue, ichote maji, isali naye. Msimwambie tu "ukihitaji kitu sema", wengi huona haya kuomba. Mhazini asome hesabu ya michango mbele ya ndugu wa familia, wala asiyataje madeni ya marehemu kanisani.