Jinsi ya Kuandika na Kuchapisha Riwaya za Kutisha kwa Kujitegemea

Anayeandika riwaya za kutisha na kuzichapisha mwenyewe ana kazi mbili, ya mwandishi na ya mchapishaji, na ni vyema aikamilishe ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili. Wengi huanza kutangaza jalada na tarehe ya kutoka kwa kitabu wakati muswada bado haujafika mwisho, kisha tarehe hiyo huwalazimisha kutoa kazi mbichi. Kitabu kibichi hudumu sokoni kikiwa na jina lako juu yake, na katika fani hii msomaji aliyechoshwa na kitabu chako cha kwanza ni nadra kukipa nafasi cha pili.

Katika uandishi wenyewe, jambo la kushughulikia kwanza ni kile ambacho msomaji anakijua na wakati anaokijua. Sentensi inayosema kwamba mama fulani alishikwa na hofu kuu haimtishi mtu yeyote. Lakini tuseme mama huyo amekifunga kwa kufuli chumba cha marehemu mumewe, ufunguo anao mwenyewe, na usiku anapopita mbele ya mlango anasikia komeo la ndani likisukumwa taratibu mpaka linagota. Hapo hakuna damu wala zimwi, na neno hofu halijatajwa, ila msomaji amekwisha kujiuliza ni nani aliye ndani na kwa nini hataki kufunguliwa. Jizuie kulijibu swali hilo mapema. Likawie kurasa kadhaa huku maisha ya nyumba yakiendelea, kwa kuwa hofu hukua pale mambo ya kawaida yanapoendelea karibu na jambo lisilo la kawaida. Hata hivyo jibu lazima liwepo na liwe la haki, yaani dalili zake ziwe zimetawanywa tangu mwanzo, kwani kumdanganya msomaji ili ashtuke ni kumdharau.

Muswada ukikamilika, uweke kando kwa wiki kadhaa, uusome kwa sauti, kisha uukabidhi kwa mhariri asiye jamaa yako. Fedha zikiwa chache, mimi ningepunguza gharama za matangazo kabla ya kugusa malipo ya mhariri.

Jalada zima lisichorwe kabla mpangilio wa kurasa za ndani haujakamilika, kwa sababu upana wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi, na kila ukingo wa nje uongezewe takriban milimita 3 zitakazokatwa. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, hutolewa kwa kila umbo la kitabu peke yake: toleo la jalada jepesi lina yake na la jalada gumu lina yake. Ikiwa unakusudia kujenga jina la uchapishaji, usitumie namba ya bure ya duka la mtandaoni, kwa maana mara nyingi humwandikisha mwenye duka kuwa mchapishaji.

Uchapaji wa nakala kwa kadiri ya maagizo umeondoa hatari ya kujaza ghala, lakini haujaondoa haja ya subira. Baada ya H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, kufariki mwaka 1937, waandishi wenzake August Derleth na Donald Wandrei walikataliwa na wachapishaji wakubwa walipowapelekea hadithi zake, wakaanzisha kampuni yao ya uchapishaji, Arkham House, mwaka 1939. Kitabu chao cha kwanza kilichapwa nakala 1,268, na zilichukua miaka kadhaa kwisha. Derleth aliihudumia kampuni hiyo kwa mapato ya uandishi wake mwenyewe, na kwa sababu hakuifunga, hadithi za marehemu rafiki yake zilibaki mikononi mwa wasomaji. Kwa hiyo usikihukumu kitabu kwa mauzo ya mwezi wa kwanza. Anza kuandika kinachofuata.

Siku utakapochapisha kazi za wengine, andika mkataba hata kama mwandishi ni rafiki wa damu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, humpa mwandishi hakimiliki bila kusajili chochote, hivyo wewe unaazimwa tu. Taja ni haki zipi unazozichukua, kwa lugha gani, kwa miaka mingapi, mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ni asilimia ngapi na hulipwa lini. Usimtoze mwandishi gharama za kuchapwa. Muda ulioandikwa ukifika na hamkuuongeza, ondoa kitabu madukani, mlipe kilichobaki, na umpelekee barua iliyotiwa saini inayothibitisha kwamba haki zote zimemrudia, hata kama hakuiomba.