Mtoto anaharisha? Hivi ndivyo unavyomhudumia nyumbani hatua kwa hatua

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ya kila siku ni watoto, na leo nataka tuongelee kitu kimoja tu, mtoto anayeharisha. Nimechagua hiki kwa sababu hakuna nyumba yenye mtoto ambayo hakijapita, na pia kinabadilika haraka sana, yaani asubuhi mtoto anacheza na jioni amelegea hawezi hata kushika kikombe. Kinachoua ni upungufu wa maji na chumvi zinazotoka mwilini pamoja na kile choo. Kwahiyo usihangaike kuziba tumbo, hangaika kurudisha maji kadri yanavyotoka, na hicho unaweza kukifanya vizuri kabisa ukiwa nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Mwangalie mtoto kwanza

Usikimbilie vidonge. Mweke mtoto kwenye mwanga umkague. Macho yameingia ndani? Akilia machozi yanatoka? Ulimi umekauka? Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi? Kama ni mchanga pitisha kiganja kwenye utosi usikie kama umebonyea. Alafu finya ngozi ya tumbo, hapo katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, ivute kidogo, shikilia kama sekunde moja kisha achia. Mtoto ambaye maji yake yako sawa ngozi inarudi hapohapo, hata huwahi kuiona ikirudi. Ikirudi polepole maji yameshapungua, na ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2 basi acha kusoma hapa, mbebe umpeleke kituo cha afya sasa hivi.

Mtoto wa chini ya miezi 2 usimjaribishie nyumbani, mpeleke tu, njiani aendelee kunyonya.

Hatua ya 2: Changanya ORS kwa kipimo

Nenda duka la dawa omba ORS, ile wengi tunaiita chumvichumvi. Hapa ndo pana makosa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Paketi hazifanani jamani, kuna ya lita 1, kuna ya nusu lita, kuna nyingine ndogo zaidi, kwahiyo soma nyuma ya paketi au muulize muuzaji akuoneshe palipoandikwa. Ukiweka maji machache inakuwa kali na inaweza kumzidishia mtoto chumvi mwilini, ukiweka mengi inakuwa maji tu haisaidii. Usikadirie kwa jagi, tumia chupa ya maji ya dukani ambayo ujazo umeandikwa, ya nusu lita jaza mara 2 upate lita.

Maji yawe yamechemshwa na yamepoa. Nawa mikono kwa sabuni, mimina paketi YOTE, koroga mpaka unga uishe, funika. Usigawe paketi nusu leo nusu kesho. Usiongeze sukari hata kama mtoto anakunja uso, usichanganye na soda wala maziwa, na usiichemshe baada ya kuchanganya. Ikifika saa 24 iliyobaki mwaga uchanganye nyingine.

Kama ni usiku wa manane na duka limefungwa: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo vya chai 6, chumvi NUSU kijiko kidogo cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko kile kilima kidondoke. Onja kabla hujampa mtoto, isizidi chumvi ya machozi, ikizidi mwaga uanze upya usibahatishe. Hii ni ya kukuvusha mpaka asubuhi, duka likifunguliwa kanunue ya paketi kwa sababu ile ina potasiamu pia, ambayo mtoto anaipoteza kwenye choo na hapo jikoni huna.

Najua kuna wanaoona huu unga ni kitu kidogo, wanataka dripu. Ngoja nikuambie kitu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa upande wa India na kipindupindu kikaingia, kwenye kambi ya Bangaon dripu zikawa hazitoshi, daktari anaitwa Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji, wagonjwa wawe wananyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 mpaka chini ya 4. Sababu ni kwamba utumbo hata ukiwa unaharisha bado una mlango ambao sukari na chumvi zikija pamoja zinaingia, na zikiingia maji yanazifuata. Ndo maana kipimo kina maana, na ndo maana maji matupu peke yake hayatoshi.

Hatua ya 3: Namna ya kumnywesha

Hapa ndo uvumilivu unahitajika, na naomba akina baba nao wakae zamu maana mtu mmoja anachoka.

Kila akiharisha mpe: chini ya miaka 2 ni mililita 50 mpaka 100, miaka 2 na kuendelea ni mililita 100 mpaka 200. Hiyo ni kwa kila choo cha maji, sio kwa siku, na katikati akitaka zaidi mpe. Mdogo tumia kijiko, kila dakika moja au mbili kijiko kimoja, mkubwa anywe kwa kikombe funda dogodogo. Chupa ya chuchu achana nayo, inashika uchafu na pia inamfanya ameze mengi kwa mkupuo.

Akitapika? Wengi hapa wanakata tamaa wanasema "dawa haikai". Subiri dakika 10, anza tena ila taratibu zaidi, kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Mara nyingi mtoto anatapika kwa sababu ana kiu, kapewa kikombe akakigida chote. Na hata akitapika kuna kiasi kimeshaingia, kwahiyo usihesabu kwamba umepoteza kila kitu, endelea tu. Mtoto akianza kukojoa, ulimi ukawa na mate na akaanza usumbufu wake wa kawaida ujue unashinda, hata kama kuharisha hakujakata.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi ya kawaida na usiku pia. Wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu apewe maziwa ya mama na ORS basi, maji mengine hapana. Wakubwa unaweza kuwaongezea maji ya kunywa, supu, maji ya wali, na kwa watu wa pwani dafu changa ni zuri ila halichukui nafasi ya ORS. Soda na juisi za boksi hapana, sukari ile nyingi inavuta maji kuyaleta kwenye utumbo na kuharisha kunazidi.

Hatua ya 4: Zinki

Ukinunua ORS nunua na zinki, vinatembea pamoja. Miezi 6 na kuendelea ni miligramu 20 mara moja kwa siku, chini ya miezi 6 ni miligramu 10 yaani nusu ya kidonge cha 20. Weka kidonge kwenye kijiko, tia maji kidogo au maziwa ya mama uliyokamua, kitayeyuka chenyewe ndani ya muda mfupi, mpe. Endelea siku 10 mpaka 14. Najua siku ya tatu choo kikishakuwa kigumu watu wanaacha, tafadhali usiache, zinki inafupisha huku kuharisha kwa sasa na inapunguza uwezekano wa kumrudia tena miezi miwili mitatu ijayo. Bandika karatasi jikoni uwe unatia alama kila siku.

Hatua ya 5: Chakula

Usimfungishe njaa. Uji, mtori, wali uliopondwa, viazi, mayai, samaki, mafuta kidogo kwenye chakula, chochote alichozoea, kidogokidogo mara nyingi. Akipona muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2 arudishe kilo zake.

Vitu vya kuacha kabisa

Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimpe mtoto, utumbo unaweza kusimama na uchafu ukabaki ndani. Antibayotiki ulizobakiza kabatini usimpe, kuharisha kwingi kwa watoto kunatokana na virusi na hizo dawa hazigusi virusi.

Na hili naliandika kwa uchungu kabisa, habari ya "meno ya plastiki". Mtoto anaharisha na ana homa, mtu anampeleka kwa fundi anachimbwa fizi kwa kifaa ambacho hakijachemshwa. Hakuna meno ya plastiki, ile inayotolewa ni mbegu ya jino la kweli la mtoto wako ambalo bado halijaota, na mtoto aliyekuwa amepungukiwa maji sasa anapoteza na damu, anapata na vijidudu kwenye kidonda. Bibi akikushauri hivyo mwitikie kwa heshima zote, lakini mtoto umnyweshe ORS na ikibidi muende wote kituoni.

Nepi na choo cha mtoto vinaambukiza sana, mwaga chooni, nawa kwa sabuni kila ukimsafisha na kabla ya kushika kijiko chake.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Choo kina damu. Anatapika kila kitu mpaka ORS ya kijiko. Hawezi kunywa au kunyonya. Amelegea, anasinzia tu, huwezi kumwamsha vizuri. Amepata degedege. Macho yameingia ndani na hajakojoa muda mrefu. Choo kinatoka kama maji ya kuoshea mchele, kingi, mfululizo, hiyo inaweza kuwa kipindupindu na haisubiri asubuhi, awe mtoto au mtu mzima. Ana homa, nenda apimwe malaria, usibahatishe dawa. Au siku 3 zimepita huoni nafuu.

Ukiondoka beba chupa ya ORS na kijiko, mnyweshe njiani kama anameza, mpaka kwenye foleni. Beba kadi ya kliniki, kumbuka ameharisha na kutapika mara ngapi tangu jana, na pakiti za dawa zote alizopewa ziweke kwenye mkoba hata zile za kienyeji, ukifika tuoneshe zote bila kuogopa kugombezwa.